Mjomba, Mpwa na Mikorosho Iliyozeeka

Mvua za msimu zikishaanza huku Tandahimba, mkoani Mtwara, gari la miche hufika shuleni. Wanafunzi hupangwa mstari, kila mmoja na mche wake, mgeni rasmi hupanda wa kwanza, picha zinapigwa, halafu inakuja hotuba: ninyi ndio taifa la kesho, mabadiliko ya tabianchi yanawasubiri ninyi, itunzeni dunia. Makofi. Mgeni anaondoka. Ikifika Agosti, miche iliyosalimika na mbuzi imekauka, kwa sababu shule haina maji na hakuna aliyepangiwa kuimwagilia.

Sina ugomvi na miti. Ugomvi wangu ni na hotuba. Mtoto wa darasa la nne hana shamba, hana panga, hana kura, hana hisa kwenye chama cha ushirika. Hajafyeka msitu wala kuwasha jenereta. Kisha watu wazima wenye vyote hivyo wanasimama mbele yake na kumkabidhi dunia, ilhali wao bado wameing'ang'ania kwa mikono miwili. Jandoni tulifundishwa kwamba ukikutana na mtu mzima njiani amebeba mzigo, unampokea. Ni adabu nzuri na hadi leo naishika. Lakini sikumbuki kufundishwa kwamba mtu mzima aongeze mawe kwanza kwenye mzigo, ndipo akupe uubebe.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kazi yangu ni mizani, vitabu na kubeba lawama. Habari za tabianchi wengine wanazipata kwenye semina. Mimi zinanifikia ndani ya magunia.

Kwa asiyetoka kusini nieleze kidogo. Mkorosho hutoa maua kiangazi, kuanzia Juni hivi hadi Septemba, wakati upepo wa kusi unavuma na asubuhi zina ubaridi na umande. Hapo ndipo ugonjwa wa ubwiriunga hushika. Unaona unga mweupe juu ya maua machanga, na baada ya muda ua limekauka kabla halijafunga korosho. Mkulima anaamka alfajiri kupuliza salfa, umande ungalipo ili dawa ing'ang'anie, na upepo usiwe mkali asije akampulizia jirani bure. Mvua ikikatiza hapo, dawa yote imeoshwa na hela imekwenda. Kuanzia Oktoba korosho huanza kuanguka zenyewe pamoja na mabibo yake. Zinaokotwa, zinatenganishwa na bibo, zinaanikwa juani mpaka ukizitikisa mkononi zinalia. Kazi yote hiyo imejengwa juu ya sharti moja, kwamba mvua isubiri zamu yake.

Sasa kuna miaka haisubiri. Inanyesha korosho zikiwa chini ya mti, halafu jua linatoka siku moja, halafu inanyesha tena. Msimu mmoja wa namna hiyo alikuja bibi mmoja na magunia yake juu ya bodaboda, yamefungwa vizuri kabisa. Niliingiza mkono katikati ya gunia la kwanza kama tunavyofanya siku zote. Ndani kulikuwa na joto, lile joto la kitu kilichofungwa na unyevu wake. Nikatoa konzi moja nikaimwaga juu ya meza: maganda yalikuwa na madoa meusi, na nilipopasua moja kwa kisu, kiini kilikuwa cha manjano upande mmoja. Daraja la pili. Alijua kabla sijasema. Aliniangalia tu akaniuliza, "Sasa mwanangu, mvua mimi ndiye niliyeiita?"

Sikuwa na la kujibu, na kipimo cha unyevu hakina sehemu ya kuandika sababu. Tofauti ya bei kati ya daraja la kwanza na la pili ilimkata yeye, mtu ambaye maisha yake yote mafuta aliyounguza ni ya kibatari.

Najua mwaka mmoja wa mvua mbaya si tabianchi. Wazee watakwambia miaka mibaya ilikuwapo tangu zamani, na wanasema kweli. Ndiyo maana napenda kumtazama mjomba wangu badala ya kuutazama msimu mmoja. Mjomba alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1958, akiwa mtoto wa kuamia ndege kwenye mtama, kule Hawaii juu ya mlima Mauna Loa wanasayansi walianza kupima hewa ya ukaa angani wakakuta sehemu 315 hivi katika kila milioni. Leo zimevuka 420. Ongezeko lote hilo limetokea ndani ya umri wa mtu mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Na sehemu kubwa ya hewa hiyo haitaondoka kesho wala keshokutwa. Itakaa huko juu karne na karne. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupimwa ambao wastani wa joto la dunia ulizidi nyuzi 1.5 juu ya hali ilivyokuwa kabla ya viwanda.

Mikorosho ya mjomba ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Sisi ukoo tunaufuata kwa mama. Shamba la mjomba lina macho ya wapwa juu yake, ingawa siku hizi, kwa dini na kwa sheria, wengi wanawaandikia watoto wao wa kuwazaa, na kesi za aina hiyo ukitaka kuzisikia njoo baraza la kata. Kwa upande wetu bado tunakwenda kwa ule utaratibu wa zamani. Mjomba ni kaka yake mama. Mimi ni mpwa wake. Na mimi nina mpwa, mtoto wa dada yangu, binti aliyemaliza diploma ya kilimo na kurudi nyumbani akiwa na buti, daftari na maneno mengi.

Shamba lenyewe lina historia. Sehemu ya miti alipanda mama yake mjomba, sehemu alipanda yeye akiwa kijana, miaka ile korosho ya Tanzania ilipokuwa juu kabisa: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kisha ikaja kuhamia vijijini. Watu walitolewa kwenye makazi yao karibu na mikorosho wakapangwa pamoja, na shamba likawa mbali. Bei nayo ilikuwa haimtoi mtu kitandani. Pori likarudi, moto ukapita, ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inavuna chini ya tani 20,000. Mjomba anasema kulikuwa na wakati ukiingia shambani kwake humwoni mtu aliyesimama hatua kumi mbele yako.

Waliporudi, walirudi na mapanga. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, walikuwa wamefanya kazi ya kujua salfa ipulizwe lini na kwa kiasi gani. Biashara ikafunguliwa, bei ikaamka, na miti ile ile iliyotelekezwa ikaanza kuzaa. Ilichukua miaka. Msimu wa 2017/18 zilivuka tani 310,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha zamani. Watu wanaosema kizazi chetu kimerithi dunia iliyoharibika tayari kwa hiyo hakuna la kufanya, ningependa wakae na mjomba chini ya mkorosho mmoja alasiri. Alipokea shamba lililoharibika, na sehemu ya uharibifu ule ilitoka kwenye amri ambazo hakushirikishwa kuzitunga. Alilifufua kwa kupogoa tawi moja baada ya jingine.

Lakini miti ile ile sasa imezeeka. Na mpwa wangu akaja na hoja yake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mama. Nasikia umekuja kuua miti yangu."

"Hapana Babu. Nimekuja kuiangalia tu."

"Mganga naye huanza kwa kuangalia tu."

Akatembea naye shambani. Mimi nilikuwa nyuma yao. Alimwonyesha jinsi matawi ya mti mmoja yalivyoingia ndani ya mwingine, jua halifiki chini, hewa haipiti, ndiyo maana ubwiriunga haubanduki hata akipuliza mara ngapi. Bibi yetu alipanda kwa macho na kwa hamu. Wataalamu wanashauri mita 12 kwa 12. Akamwambia msimu ukiwa haueleweki, mti mzee uliobanana ndio unaoumia kwanza. Hakuwa anataka yote iondoke. Alitaka baadhi iondolewe kabisa, na mingine ikatwe ibaki visiki, vichipue, kisha yale machipukizi yabebeshwe vikonyo vya aina bora kutoka Naliendele.

"Itazaa baada ya muda gani?" mjomba akauliza.

"Miaka miwili mitatu, Babu, utaanza kuona."

"Na hiyo miaka miwili mitatu, mimi nitakula nini?"

Binti alinyamaza. Na ninamheshimu kwa kunyamaza, kwa sababu angeweza kujibu kwa maneno ya darasani. Mjomba ana umri wa kuhesabu misimu. Anaambiwa akate kinachomlisha leo, kwa faida ya mtu atakayevuna yeye akiwa hayupo.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu wajibu wa kizazi kimoja kwa kingine, na maneno huwa makubwa. Ukiyaondolea hotuba, linabaki swali la mjomba: katika hii miaka mitatu ijayo, nani atakula kidogo? Mtoto wa shule aliyepewa mche hajaulizwa swali hilo, na si wa kuulizwa. Wanaopaswa kulijibu ni wenye kitu cha kupunguza.

Tuanze mbali basi. Mtanzania mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa anayotumia, hafikishi hata nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka. Mmarekani anapita tani 13. Sisemi hivi ili tukae vibarazani tukilaumu, nasema kwa sababu kuna watu wanapenda kuandika "sisi wanadamu tumeiharibu dunia" kana kwamba yule bibi mwenye magunia na mwenye ndege binafsi wamekaa meza moja. Hawakukaa. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Pasifiki ya Kusini, vijana wa visiwa vinavyoliwa na bahari, waliamua kuipeleka hoja hii mbele. Serikali ya Vanuatu ikawabeba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikatoa maoni yake: mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na anayeukiuka anaweza kutakiwa alipe. Ni maoni ya ushauri, hayampeleki mtu jela. Lakini tazama vijana wale walifanya nini. Hawakuukubali mche na hotuba. Walikwenda kudai.

Huku kwetu madai yana sababu zake. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na watu 34 wakafa. Mjomba alikuwa mtoto mdogo, lakini alikua akiwasikia waliokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya pwani wakisimulia mabati yanavyoruka. Kwa miaka mingi ilikuwa hadithi ya mara moja. Tupo karibu mno na ikweta, vimbunga kwa kawaida hukata kona kwenda kusini zaidi, Msumbiji na Madagaska. Kisha Aprili 2019 kimbunga Kenneth akaingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara watu wakaambiwa watoke mabondeni. Aprili 2021 akaja Jobo, akafifia kabla hajatufikia. Mei 2024 Hidaya akafika kabisa, akapiga maeneo ya Mafia na kumwaga mvua pwani yote, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika pale Somanga, wilaya ya Kilwa. Abiria walilala njiani siku kadhaa. Huku juu Tandahimba upepo haukutufanya kitu, ila tuliuona dukani, kwenye bei ya sukari na saruji, maana kila kitu chetu kinapita barabara ile moja.

Kama kila kimbunga kimeletwa na joto la dunia, hilo siwezi kulisema, na wanasayansi wenyewe huwa waangalifu. Wanachokisema bila kusita ni kwamba bahari yenye joto ndiyo chakula cha kimbunga, na kwamba kila hewa ikiongezeka joto nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Na hewa inayobeba zaidi humwaga zaidi. Na kuna tofauti nyingine kati ya 1952 na 2024 ambayo watu hawaisemi sana. Hidaya tulimjua kabla hajafika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa taarifa siku kadhaa kabla, wavuvi wakavuta mashua, simu zikawa zinalia ujumbe. Waliojenga mitambo ile, walioweka watu wa kuisoma usiku kucha, walikuwa wanafanya kazi kwa ajili ya watu wasiowajua. Mimi hicho nakiita tumaini, maana kinaweza kupimwa kwa idadi ya mashua zilizobaki nchi kavu.

Sasa nije kwenye gesi, najua mnaningoja hapo.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na baada ya 2010 kikapatikana kile kikubwa cha baharini. Kwa jumla zinatajwa futi za ujazo zaidi ya trilioni 57. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto kwa ghasia za kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Sitarudia yale, waliokuwapo wanajua. Na kule Likong'o, Lindi, mradi wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika ili iuzwe nje umezungumzwa muda mrefu kiasi kwamba waliozaliwa mazungumzo yakianza sasa wanapanda bodaboda.

Vijana wa mjini wananiuliza kama tuiache chini kwa ajili ya tabianchi. Jibu langu halimpendezi mtu. Siwezi kumwambia mwanamke anayepikia kuni, macho yamekuwa mekundu, kwamba mtungi wa gesi ni dhambi. Wala sitakubali tuiache chini sisi huku waliotajirika kwa makaa na mafuta wakiendelea kuchimba ya kwao. Lakini pia sijidanganyi kwamba gesi ni neema isiyo na deni. Ikichomwa huko iendako, moshi wake haujui mpaka wa Mtwara. Kwa hiyo swali langu ni lile lile la mjomba, ila limegeuzwa: tukila gesi hii leo, wajao tumewabakishia nini? Sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi ilipitishwa 2015, na ndani yake kuna mfuko, na vizazi vijavyo vimefikiriwa humo. Vizuri sana. Mimi mtu wa Tandahimba mfuko huo nitauamini siku nitakapouona kwenye bomba la maji. Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Mchanga wetu unameza mvua yote, na maji yanasukumwa kutoka mabondeni chini kwa mitambo tangu enzi za mkoloni. Bibi zetu walishuka na kupanda genge kwa ndoo moja. Nyumba nyingi bado zinachimba kisima cha saruji uani kuvuna maji ya bati. Kama gesi itageuka pampu zisizokatika na matangi kwenye kila zahanati na shule, tutakuwa tumeila pamoja na watoto wetu. Ikigeuka magari ya ofisini, tutakuwa tumekula peke yetu.

Nisiwasafishe watu wa kusini kupita kiasi. Nchi yetu, kwa takwimu za serikali, imekuwa ikipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na ukipita njia ya Liwale, Nachingwea au Kilwa wakati wa kuandaa mashamba utaona moshi. Ufuta unapenda ardhi mpya. Ukifyeka msitu, mwaka wa kwanza na wa pili unavuna bila mbolea na bila palizi ya maana. Ardhi ikichoka unasogea mbele. Bei ya ufuta ikiwa nzuri, nani atakaa kwenye shamba lililochoka? Hilo hakulifanya Mmarekani. Tunalifanya sisi, na mara nyingi kwa kumsomesha mtoto yule yule tunayemnyang'anya msitu.

Ila ni huko huko Kilwa ndiko nilikosikia mfano ninaoupenda. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa. Anayeulinda ukiwa mchanga si yeye atakayeukata. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kubaki na mapato, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vikapata cheti cha kimataifa cha mpingo unaovunwa kwa uangalifu. Wanapima, wanahesabu, wanakata michache, fedha zinaingia kwenye akaunti ya kijiji na kujenga vitu vinavyoonekana. Siri yao si kwamba wanawapenda wajukuu kuliko sisi. Ni kwamba uamuzi umekaa kwa watu wanaoishi pale, na kuacha mti umesimama kunawalipa wangali hai. Mtu akilipwa kidogo leo, ni rahisi kumngojea mjukuu.

Linganisha na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake. Ulipangwa na watu wa mbali waliokuwa na haraka, mvua hawakuiuliza, udongo hawakuuliza, na baada ya miaka michache ukaachwa. Bandari ya Mtwara tulibaki nayo, hiyo shukrani. Reli iling'olewa.

Nirudi kwa mjomba. Mazungumzo yale ya shambani hayakuisha siku ile. Yaliendelea nyumbani, kwenye sahani ya ugali wa muhogo na mbaazi, yakaendelea msibani kwa jirani, dada yangu akayaingilia, shangazi mmoja akasema binti amesomeshwa ili aje atuletee njaa. Kilichobadilisha mambo ni hesabu. Mpwa wangu alichukua daftari akaandika mti kwa mti: huu unatoa kilo ngapi kwa kukisia, huu hautoi kitu bali unawazibia wenzake. Mjomba alimsahihisha kila mstari, maana anaijua miti yake kama mwalimu mkuu anavyojua watoro. Ikaonekana kwamba sehemu ya upande wa njia ilikuwa inamlisha kidogo mno. Hapo akalegea. Akakubali waanze na upande huo, kwa masharti: katikati ya visiki zipandwe kunde, njugu mawe na mbaazi ili kiangazi kisimkute mikono mitupu, mimi, mwenye mshahara japo mdogo, nilipie palizi na salfa ya miti iliyobaki, na mkorosho mmoja ulio karibu na kaburi la mama yake usiguswe na mtu mwenye diploma wala asiye nayo.

Nilikuwapo walipobebesha. Visiki vilikuwa vimetoa machipukizi yenye majani mekundu mekundu, laini. Binti alichagua chipukizi, akalikata juu, akalipasua katikati kwa wembe, akachonga kikonyo kama kabari, akakichomeka na kukizungushia ukanda wa nailoni kwa nguvu hadi kidole gumba kikawa cheupe. Mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamkosoa jinsi anavyoshika kisu. Baadhi ya vikonyo vilikauka. Alirudia.

Kwa hiyo nani alikula kidogo? Kwa kiasi fulani, sote watatu. Yeye alitoa korosho zake, mimi hela yangu, binti nguvu zake na muda ambao angeweza kuutumia kutafuta ajira mjini. Sidhani kama kuna namna nyingine ambayo ni ya haki. Aliyefaidi zaidi huko nyuma atoe zaidi, mwenye kipato cha sasa ashike gharama ya sasa, na kijana alete alichojifunza bila kuachiwa mzigo wote. Ungeniuliza Umoja wa Mataifa ufanye nini kuhusu ule mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa Misri mwaka 2022, ningewaambia wafuate daftari la mpwa wangu, safu ya tatu, pale palipoandikwa nani analipa.

Baadaye nikalipeleka jambo hili chamani. Mikorosho mizee si ya mjomba peke yake, kijiji kizima kina miti ya umri huo, na wazee wengi hawana mpwa mwenye mshahara. Nilipendekeza katika mkutano mkuu tukate shilingi 10 kwa kila kilo, ziwe mfuko wa kitalu chetu wenyewe na kifuta jasho kwa mwanachama anayekata miti mizee, kwa ile miaka ya kusubiri. Ukumbi ulichafuka. Neno makato kwa mkulima wa korosho ni tusi: kuna ya chama kikuu, kuna ya ghala, ya usafiri, ya halmashauri, na sasa karani anakuja na la kwake. Kijana mmoja akasema wazee ndio walionufaika na miti hiyo, wajilipie. Mzee mmoja akamjibu kwamba huyo anayesema amesomeshwa na nini. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma alitaka kujua kama wajane wenye mikorosho mitano nao watahesabiwa, na hilo ni swali zuri ambalo sikuwa nimeliandaa.

Kisha mjomba akanyoosha mkono. Nikadhani ataniunga mkono, damu yangu hiyo. Akasimama taratibu, akasema wazo si baya, ila yeye anauliza jambo moja tu: hizo hela atakaa nazo nani?

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anataka kujua hilo hilo. Mwenyekiti akaahirisha ajenda. Nimeagizwa nirudi kabla ya msimu wa salfa na rasimu: waweka saini watatu, mmoja wao awe chini ya miaka 30, mmoja awe mwanamke, akaunti isiyochanganywa na ya chama, na hesabu kubandikwa ukutani kila mnada. Mpwa wangu ananisaidia kuiandika. Amefuta mara mbili kifungu changu cha wajane.